Uzoefu wangu: swichi tatu kwenye staki moja

Nina miezi minane na staki hii: swichi tatu (vifaa vinavyounganisha kompyuta za ofisi kwenye mtandao) za poti 48, yaani matundu 48 ya kebo kila moja, zimeunganishwa kwa kebo za staki kwa nyuma zifanye kazi kama swichi moja, na zote naziendesha kupitia anwani moja ya IP, yaani namba ya kuzifikia kwenye mtandao. Ningezinunua tena bila kusita. Ila wiki ya kwanza ilinitoa jasho, na kijitabu cha kwenye boksi kilikuwa kimepita juu juu mahali pale pale nilipokwama.

Nilianza na swichi mbili, nikapanga VLAN zote (migawanyo ya mtandao), watu wakafanya kazi. Siku ya tatu nikaleta swichi ya tatu, iliyokuwa imetumika kwingine. Nikaiwasha kwanza, ndipo nikachomeka kebo ya staki. Dakika moja haikupita, taa za swichi zangu mbili zikazima na kuanza kuwaka upya. Ziliporudi, mipangilio yangu haikuwepo. Ile ngeni ndiyo iliyokuwa inaongoza.

Sababu ni kipaumbele, namba inayoamua swichi ipi iongoze staki. Kwenye aina hii huenda kuanzia 1 hadi 15, na kiwandani kila swichi huwekewa 1. Zangu sikuwa nimezigusa, ile ngeni ilibaki na 15 ya kazi yake ya zamani. Staki mbili zilizowashwa zikikutana (hata swichi moja peke yake huhesabiwa staki), yenye kipaumbele kikubwa hushinda, na iliyoshindwa hujiwasha upya na kufuata mipangilio ya mshindi. Vikilingana, mwishowe huamua anwani ndogo ya MAC (namba ya utambulisho ambayo kifaa hutoka nayo kiwandani), jambo ambalo usingependa liamue mtandao wa ofisi nzima. Kwa hiyo sasa swichi mpya naifutia mipangilio yote, naizima, nachomeka kebo, ndipo naiwasha. Ninayotaka iongoze nimeipa 15, ya akiba 14. Ujue tu kwamba kubadili namba hiyo hakumwondoi kiongozi aliyepo. Husubiri uchaguzi mwingine, yaani staki iwashwe upya.

Toleo la programu ya ndani nalo lazima lifanane. Lisipofanana, swichi hukataa kujiunga mpaka uisawazishe.

Kebo ndizo zilizonifundisha uangalifu. Unazungusha: ya kwanza kwenda ya pili, ya pili kwenda ya tatu, ya tatu kurudi ya kwanza. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi, lakini nilipoangalia hali ya staki, poti moja ilisoma kwamba imekatika. Duara lilikuwa wazi. Nikaenda nyuma ya raki na tochi: kiunganishi kimeingia upande mmoja tu. Nikakisukuma kwa kidole gumba, nikakaza skrubu zote mbili, duara likafunga. Ningeliacha vile, kebo nyingine ikikatika staki ingegawanyika vipande viwili vyenye anwani ileile ya IP.

Kilichonifurahisha zaidi ni LACP, utaratibu wa kuunganisha kebo kadhaa ziwe njia moja. Seva ina kebo mbili, moja kwenye swichi ya kwanza, nyingine kwenye ya pili, zikihesabiwa kama njia moja. Jioni moja nikachomoa umeme wa swichi kiongozi kwa makusudi huku napingi seva, yaani naitumia ujumbe mfupi mfululizo ili ijibu: majibu matatu yalipotea, kisha yakaendelea.

Lawama yangu iliyobaki ni moja. Kusasisha programu huwasha upya swichi zote tatu kwa pamoja, kwa hiyo kazi hiyo naifanya usiku, na nakala ya mipangilio nikiwa nimeihifadhi nje ya staki.