DuckDuckGo kwenye simu: nyepesi, ila itajie mji

DuckDuckGo ni mtambo wa kutafutia mtandaoni, kama Google. Kwa sisi wa Lamu, kilichonivutia kwanza si ile siri wanayoinadi, kwamba hawakufuatilii, ni wepesi. Andika lite.duckduckgo.com: unapata kisanduku cha kutafutia na maandishi matupu, picha hakuna. Ukiwa Faza au Kizingitini, mtandao umeshuka hadi 2G, hii ndiyo ya kutumia.

Kuiweka kwenye Chrome ya Android, fungua kwanza duckduckgo.com utafute chochote, kisha gusa nukta tatu, Settings, Search engine, uichague. Ukiruka hatua ya kwanza huenda usiione, maana Chrome huongeza kwenye orodha mitambo uliyoitembelea karibuni.

Majibu yake mengi yanatoka Bing, mtambo wa kutafutia wa Microsoft. Ukiandika "Lamu" tu, tarajia mahoteli. Mimi nataka nyaraka za serikali, basi naandika: ada za soko Lamu site:go.ke filetype:pdf. Ile site:go.ke hubakiza tovuti za serikali ya Kenya, na filetype:pdf hubakiza faili za PDF. Mahoteli yote yanaondoka. Usiache nafasi baada ya nukta mbili. Alama za kunukuu nazo zinasaidia kupata maneno yale yale uliyoandika, lakini majibu yakiwa haba huchanganyiwa na yanayokaribiana.

Kwenye maji kujaa na kupwa, Kiswahili bado kina kurasa chache. Tafuta "Lamu tide times". Kabla ya kuamini jedwali, angalia saa zake. Likiwa la UTC, yaani saa za kimataifa, ongeza saa 3, la sivyo utashuka gatini ukute mashua imekaa kwenye matope, hasa siku za bamvua.

Udhaifu uko kwenye "karibu nami". Mtambo hukisia ulipo kwa anwani ya IP, yaani namba ya simu yako mtandaoni, na IP za mitandao ya simu mara nyingi husomeka Nairobi. Kwa hiyo taja mji na mtaa: duka la dawa Shella Malindi. Usipoitaja Malindi, Shela yetu ya Lamu nayo itajiingiza humo. Ramani ni za Apple. Kwa maduka madogo naanza na !gm, nafasi, kisha ninachotafuta, inanipeleka moja kwa moja Google Maps. Hapo kumbuka umeshaingia kwa Google, na kanuni za Google ndizo zinazotumika.

Matangazo yapo, ila hufuata neno uliloandika, si uliyotafuta jana. Kampuni inayokuuzia bando bado inaona tovuti unazofungua. Hilo mtambo wa kutafutia peke yake hauwezi kulizuia.