Zenity: kisanduku kilichouliza swali ambalo sikuliandika

Nimekaa na zenity, programu ndogo ya Linux inayofungua visanduku vya maswali kutoka kwenye skripti, miaka kadhaa, tena nimekuwa mpiga debe wake. Mtu akiniambia skripti za bash, yaani faili za amri zinazoendeshwa moja baada ya nyingine, ni za watu wa skrini nyeusi (terminali) tu, namwandikia mstari mmoja wa amri, dirisha linachomoza lina maneno yangu na vitufe viwili, na hata asiyejua terminali ni nini anabofya na kazi inasonga. Leo naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Kuna skripti niliyomwandikia dada mmoja ninayefanya naye kazi. Inahamishia folda za picha kwenye diski ya nje, kisha inafuta zile za kwenye kompyuta ili nafasi isiishe. Mambo yakienda sawa haiulizi kitu. Diski ikijaa njiani, inafungua kisanduku: "Folda ya fulani haijanakiliwa yote. Niifute hata hivyo?" Usiniulize kwa nini niliruhusu swali la namna hiyo liwepo duniani. Wakati ule niliona ni uungwana kumwachia mtu aamue mwenyewe. Vitufe nikavitia Kiswahili kwa --ok-label na --cancel-label, Ndiyo na Hapana, nikamwekea aikoni kwenye eneokazi, nikamwonyesha mara mbili, nikaondoka najiona fundi.

Juzijuzi akanipigia.

"Kaka, ile folda ya Picha na Video siioni."

"Hukubonyeza kitu?"

"Kilikuja kile kisanduku chako. Kikaniuliza kama nina uhakika nataka kuendelea. Nikabonyeza Ndiyo."

"Kuendelea na nini?"

"Na kazi, kaka. Ningeendelea na nini?"

Nikafungua skripti nikatafuta neno "uhakika". Halimo. Nikatafuta "kuendelea". Halimo. Nikajiambia dada wa watu kasoma haraka haraka, na nakiri nilimwambia hivyo, kwa sauti ambayo baadaye ilibidi niiombee radhi. Nikaenda kwenye meza yake, tukatengeneza folda tupu ya majaribio yenye jina lile lile, nikaiambia skripti diski imejaa. Kisanduku kikaja. Kweli bwana: sentensi moja ya Kiingereza inayouliza kama una uhakika unataka kuendelea, na chini yake vitufe vyangu, Ndiyo na Hapana, kama watoto walioachwa kwa jirani. Jina la folda hakuna. "Haijanakiliwa" hakuna. "Niifute" hakuna.

"Umeona?" akasema. Niliona.

Kumbe folda yenyewe imeandikwa "Picha & Video", na mchawi ni hiyo &. Maneno unayoyapa zenity kwenye --text haiyachukui hivi hivi. Inayasoma kama lugha ya alama ya Pango, maktaba inayopanga maandishi kwenye madirisha, ndiyo maana ukiandika <b> inakukolezea wino. Kwenye lugha hiyo & si herufi ya kawaida, ni mwanzo wa msimbo kama &amp;. Ikiikuta imesimama peke yake, inaikataa sentensi nzima, si hiyo herufi moja tu. Sawa, kataa. Lakini ukishakataa, simama! Haisimami. Inafungua dirisha vile vile na kuacha humo maneno iliyozaliwa nayo, yale yale unayoyapata ukiandika zenity --question bila maandishi yoyote. Nikajaribu na --info kwa sentensi yenye & ndani. Hiyo ikanitangazia kwamba masasisho yote yamekamilika. Masasisho gani? Ya nani?

Halafu dada akibonyeza Ndiyo, amri inarudisha 0. Sifuri maana yake mtu amekubali. Skripti yangu, mtumwa mwaminifu, ikaenda ikafuta. Ni kama kumtuma tarishi na barua, akashindwa kusoma neno moja, akaitupa barua yote, akafika kwa mwenyewe na swali alilojitungia, kisha akakurudia na jibu akitabasamu.

Picha nyingi zilikuwa zimeshafika kwenye diski ya nje. Video zilikuwa bado, na rm, amri niliyofutia, haina kapu la taka.

Usiku huo nilikuwa naandika tathmini ya nyota moja, na nilitaka ushahidi. Nikaendesha mstari ule ule kwa mkono kwenye terminali. Hapo hapo likaja onyo la GTK, maktaba inayochora madirisha ya zenity, limeandikwa waziwazi kwamba maandishi yameshindwa kuwekwa kwa sababu ya kosa kwenye lugha ya alama, na sentensi yangu yenyewe ikanukuliwa. Yaani ilisema. Kwa nini sikuwahi kuliona onyo hilo? Kwa sababu mwishoni mwa mstari kwenye skripti yangu kuna 2>/dev/null, inayotupa maonyo yote shimoni, niliyoiweka mimi kwa mkono wangu, baada ya kuchoshwa na GTK inavyolalamika kila mara kwamba dirisha limefunguliwa bila mzazi. Nilimziba mdomo halafu nikamshitaki kwa kunyamaza. Na kwenye maelezo ya msaada, bila kujificha, kuna --no-markup, inayoiambia zenity iyaandike maneno kama yalivyo. Neno moja, na kisa chote hiki kisingekuwepo.

Nyota tatu basi. Lakini hapana, ngoja. Onyo la kwenye terminali linamsaidia nani ikiwa kazi nzima ya chombo hiki ni kuongea na mtu ambaye hana terminali mbele yake? Dada alibofya aikoni. Hata nisingeliziba, onyo hilo lingemwangukia nani? Swali lililoshindwa kuulizwa lirudishe namba ya kosa, skripti ife pale pale. Nyota mbili.

Kwa hasira hizo nikahamia whiptail, inayochora visanduku ndani ya terminali yenyewe. Kwa & haina shida hata kidogo, inaiandika ilivyo. Shida yake ni nyingine. Ukimwomba mtu aandike jina, jibu linatokea kwenye njia ya makosa badala ya njia ya kawaida, kwa hiyo kulinasa inabidi uandike lile dude la 3>&1 1>&2 2>&3, ambalo nimelinakili mara nyingi na sijawahi kuliandika kichwani bila kukosea. Dialog, programu nyingine ya aina hiyo, angalau ina --stdout inayotoa jibu kwenye njia ya kawaida, whiptail haina. Tena mtu akibonyeza Esc hupati 1 ya Hapana, unapata 255. Kama umeandika "ikiwa ni 1 acha, vinginevyo futa", aliyekimbia swali kwa Esc umemfutia vitu vyake. Niliandika hivyo hivyo. Safari hii nililigundua kabla halijamfikia mtu.

Hata hivyo si hilo lililoniangusha. Asubuhi simu: "Kaka, kompyuta imekuwa ya bluu." Nikamwambia ni kawaida, achague tu. Akabofya kwa kipanya, kimya. Akabofya tena. Nikamweleza habari za Tab na mishale, akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kile kisanduku cha zamani kiko wapi, maana kile angalau kilikuwa kinabonyezeka. Siku mbili tu, nikairudisha zenity.

Ilirudi na masharti. Kila --text sasa inatembea na --no-markup. Nimeweka --default-cancel ili mtu akigonga Enter bila kusoma aangukie upande wa kuacha. Ile /dev/null nimeing'oa, malalamiko yote yanaenda kwenye faili ninalolisoma mwenyewe. rm nayo imeondoka, kuna gio trash, inayopeleka vitu kwenye kapu la taka. Na vitufe si Ndiyo na Hapana tena, vimeandikwa Futa na Acha. Hili la vitufe ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu kama vingekuwa hivyo tangu mwanzo, hata na lile swali la Kiingereza lisilo na kichwa wala miguu, dada angeona neno Futa na mkono ungesita.

Nilimletea folda ya majaribio yenye & na < na nukuu ndani ya jina lake. Kisanduku kikaandika kila kitu kama kilivyo, kikatulia pale kinasubiri. Moyo ukalainika, siwezi kudanganya. Ukiishika vizuri hakuna njia nyepesi kuliko hii ya kumuuliza mtu kitu kutoka kwenye skripti. Nyota tatu na nusu. Zile video nikizikumbuka ni mbili.

Dada alisoma swali lote kwa sauti, neno kwa neno, kisha akakataa kubonyeza chochote mpaka nisimame nyuma yake. Tangu siku hiyo kila kisanduku kikichomoza kwenye ile kompyuta ananiita kwanza. Jana kilikuwa cha printa. Karatasi zilikuwa zimeisha.