Git, baada ya diski yangu kufa

Machi mwaka huu diski ya laptopu yangu ilianza kugonga kama saa mbovu, kisha kimya. Fundi wa Kariakoo aliitegea sikio, akaguna, akanirudishia pamoja na chaja yake: "Dada, hii imeshaenda." Ndani kulikuwa na mfumo wa stoo ya duka la dawa, kazi ya miezi saba ninayofanya na mwenzangu. Tunaitunza kwa Git, programu inayohifadhi kila badiliko la mafaili ya mradi.

Kesho yake nilimfuata mwenzangu Tabata na mashine ya kuazima. Nikaandika git clone, amri ya kunakili mradi mzima, nikaielekeza kwenye folda yake, na chai haijapoa nikawa na kila kitu. Si mafaili ya mwisho tu, kila badiliko tangu siku ya kwanza, hadi ule ujumbe wangu wa aibu wa saa nane usiku: "sijui kwa nini inafanya kazi, usiguse". Hapo ndipo nilipoelewa maana ya mfumo usio na makao makuu. Kwenye Subversion, programu nyingine ya aina hii niliyotumia zamani, historia hukaa kwenye seva, yaani kompyuta kuu. Wewe una toleo ulilochukua tu. Kwa Git, kila aliyenakili anabeba historia nzima. Sisi hata seva hatuna, tunabadilishana kwa flashi ya GB 8. Nilichopoteza ni kazi ya siku mbili ambayo sikuwa nimeipushi (kuituma nje ya mashine yangu), na hiyo ni juu yangu.

Sasa lawama. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliianza Git Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kukosa leseni ya bure ya BitKeeper, programu waliyokuwa wakitunzia mabadiliko yao, na ile haraka naiona hadi leo. Siku yangu ya kwanza niliandika git commit, amri ya kuhifadhi badiliko, bila -m ya kuweka ujumbe hapohapo, skrini ikageuka Vim, programu ya kuhariri maandishi. Nabonyeza herufi, nyingine zinaruka, nyingine zinafuta. Mwisho nikafunga dirisha zima. (Unatoka kwa Esc, kisha :q! na Enter. Nani angejua?) Picha kubwa na mafaili ya Word nayo usiyarundike humo, folda itavimba na Git haitakuonyesha mstari gani umebadilika.

Ila ni ya bure, na kukomiti hakuli bando. Nimeshakomiti ndani ya daladala iliyokwama Ubungo.

Nyota nne. Anayeanza ashike amri za add (kuchagua badiliko), commit, status (kuona hali), push na pull (kuvuta kazi ya wenzako). Rebase, ya kupanga upya historia, aiache kwanza. Flashi zetu sasa ni mbili, moja inalala kwa mama Tandika, kwenye kopo la vifungo.