Breka ya droo kwenye kinu cha unga Nakuru: uzoefu wangu

Mimi ni fundi stima kwenye kinu cha mahindi hapa Nakuru. Breka yetu kuu, yaani swichi kubwa inayojikata yenyewe stima ikileta hitilafu, ni Masterpact NW16 ya Schneider, ampea 1600, kwenye stima ya volti 415. Naipenda, na sababu kubwa ni kwamba inatoka kama droo.

Breka iliyofungwa kwa bolti, ukitaka kuihudumia vizuri, lazima stima izimwe kuanzia kwa transfoma. Meneja gani atakubali wakati malori yamepanga foleni getini? Basi haiguswi. Inakaa imewashwa miaka na miaka, grisi inakauka, na siku ya shoti mitambo yake inachelewa kuachia. Tuliyokuwa nayo zamani ilikuwa hivyo hasa, grisi imekuwa ngumu kama nta.

Hii unaizima, unachomeka mkono wake wa kuzungushia, unazungusha, nayo inatoka. Ina vituo vitatu: imeunganishwa, majaribio, imetolewa. Kila kituo mkono unagoma mpaka ubonyeze kitufe, kwa hiyo huwezi kupitiliza. Kituo cha majaribio ndicho ninachokithamini zaidi: nguvu kubwa imekatika ila waya ndogo za kuongoza bado zina stima, kwa hiyo unajaza springi inayoiwasha, unawasha, unazima, unasikia mlio wake kama ni mkavu au umelegea. Ikitoka kabisa, vifuniko vinajishukia na kuziba viunganishi vya nyuma. Lakini vya upande wa transfoma bado vina stima, jamani. Usiingize mkono wala bisibisi humo.

Juu kuna visanduku vya kuzimia cheche, vyenye bamba za chuma zinazoikatakata cheche mpaka ife. Ukifungua skrubu zake unaziona kontakti zenyewe, vile vipande vinavyogusana kupitisha stima, na jinsi zilivyolika. Kwetu vumbi la unga hupenya kila mahali, na likishika unyevu linaanza kupitisha stima. Navuta kwa mashine ya kufyonza. Hewa ya kompresa inalisukuma ndani zaidi. Halafu napiga mega, kipimo cha kuona kama stima inavuja, kabla ya kuirudisha breka.

Upande wa ulinzi tuna Micrologic 5.0, kifaa cha elektroniki ndani ya breka kinachoamua lini ikate. Inajipatia nguvu kutoka kwenye mkondo wenyewe, kwa hiyo hata stima ya kuongoza ikipotea, bado itakata. Kwenye shoti unaweza kuichelewesha hadi sekunde 0.4, ili breka ndogo ya mota yenye shida iruke kwanza. Zamani mota moja ya lifti ya mahindi ikiungua, kinu kizima kilikuwa gizani. Sasa wengine wanaendelea kusaga. Panga namba hizo za kukatia na mhandisi, kisha weka kifuniko na sili, maana kuna watu wakiona breka inaruka wanakimbilia kupandisha namba badala ya kutafuta mota iliyoharibika.

Bei iko juu, sitaficha. Na ni nzito: unapoagiza, agiza pamoja na kifaa cha kuinulia, hata kama muuzaji anasema vijana wawili wanatosha.