Protekta ya kioo yenye alama ya 9H baada ya miezi 3
Protekta hii ya skrini ya simu niliyobandikiwa Kariakoo imeandikwa 9H, na muuzaji alinihakikishia kwamba ugumu wake unakaribia ule wa almasi. Kumbe alama hiyo hutokana na jaribio la penseli, yaani kukwaruza uso kwa penseli za ugumu tofauti, ilhali katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, ambamo almasi ni 10, kioo cha kawaida hukaa karibu na 5.5. Funguo na sarafu hazikuacha alama. Mchanga wenye kwatzi, madini yanayofikia 7, uliacha mikwaruzo myembamba ambayo, nilipoitazama kwa lenzi, haikuwa mifereji laini bali ilikuwa na kingo zilizomeguka vipande vidogo vidogo, kama ilivyo tabia ya kioo kikikwaruzwa kwa nguvu. Kwa bei yake nitainunua tena, ila si kwa sababu ya hiyo 9H.