Soketi za pikipiki: ipi inashika nati bila kuila kona

Kabla ya kwenda soko la Kibuye, Kisumu, au kuingia hadiwea yoyote ya Nakuru, tia bolti mbili mfukoni: M6 (thredi zenye kipenyo cha milimita 6) yenye kichwa cha milimita 10, na M8 yenye kichwa cha 12. Namba iliyochorwa kwenye soketi haitoshi. Ivike kwenye kichwa, shika bolti, izungushe huku na huku. Ikicheza sana kabla ya kushika, irudishe. Soketi iliyolegea husukuma ncha za kona peke yake, na ncha zikilika nati inabaki mviringo.

Nambari moja ni soketi ya kona sita, chuma cha Cr-V (kromu na vanadi), mraba wa inchi 3/8, yaani tundu la kuingizia mpini. Hukaa kwenye ubapa wa nati, mbali na ncha. Mraba wa 1/2 unafaa nati za ekseli. Kwa bolti ndogo mpini wake mrefu ni hatari, maana M6 hukazwa kwa takriban Nm (newtoni-mita) 10 tu. Ukizidisha, bolti inakatika au thredi za alumini za injini zinatoka nayo. Nunua moja moja: 8, 10, 12, 13, 14, 17. Hiyo 13 usiiruke! Bolti ya M8 ya pikipiki za Kijapani huwa na kichwa cha 12, lakini ya hadiwea mara nyingi ni 13, na pikipiki iliyopitia mafundi kadhaa huwa na zote mbili.

Chungulia ndani ya mdomo wa soketi. Ukiwa umechongwa mteremko mkubwa, nati nyembamba itashikwa kwa ukingo tu na kuteleza. Ukuta nao uwe na unene sawa pande zote.

Ya pili ni spana ya ringi, kwa pale soketi haifiki. Nyingi ni za kona 12, nzuri kwenye nafasi finyu, mbaya kwa nati yenye kutu. Spana ya mdomo ni ya tatu: hushika pande mbili pekee, kwa hiyo itumie kuzuia upande wa pili wa bolti. Spana malaya, ile ya kurekebisha upana wa mdomo, iwe ya mwisho kabisa.

Seti za soketi zenye midomo ya inchi ziache. 3/4 ni milimita 19.05, hivyo huingia nati ya 19 vizuri na kumpa mtu imani ya bure. 9/16 ni 14.29 na 11/16 ni 17.46, zote zimelegea kwenye 14 na 17.