Fundi wa samaki wa mapambo anayekuja nyumbani: nilimwita Tabata, uzoefu wangu

Nimelipa shilingi 40,000, nauli ya bodaboda mbali, kumtibu samaki niliyemnunua 12,000. Mume wangu bado ananicheka. Hesabu yake ni ya samaki mmoja. Mimi kwenye tangi la lita 200 nina enjeli wawili, kundi la moli na pleko mmoja mkongwe, na ugonjwa wa madoa meupe haubagui.

Enjeli mkubwa ndiye aliyeanza. Ilikuwa Julai, wakati usiku wa Dar unashuka hadi nyuzi 19 au 20 na wale wanaodai mji huu hauhitaji hita wanakaa kimya. Moli wapya nao walikuwa wameingia karibuni. Akawa anajisugua kwenye mawe, mapezi kayabana, kisha yakamtoka madoa kama punje za chumvi. Duka moja la dawa za mifugo likataka kuniuzia oksitetrasaiklini, ile ile ya kuku. Hiyo ni dawa ya bakteria, na madoa haya yanaletwa na kijidudu cha jamii nyingine kabisa, Ichthyophthirius multifiliis, ambacho antibayotiki haikigusi. Madaktari wa mifugo niliowapigia walinijibu vizuri tu, ila ni watu wa ng'ombe, kuku na mbwa. Ndipo shoga yangu akanipa namba ya huyu kijana anayezunguka majumbani na maofisini kuhudumia matangi.

Alichelewa, niliseme hilo mapema. Tulikubaliana saa nne asubuhi, akafika adhuhuri imeshapita, eti foleni ya Mandela. Akavua viatu, akachungulia tangini, na swali lake la kwanza halikuwa la samaki: "Mama, haya maji ni ya DAWASA au ya kisima?" Nikamwambia tunachanganya, bomba likikauka tunanunua ya kisima. Akaguna. Visima vingi vya Dar vina chumvi tayari, kwa hiyo akapima chumvi ya maji kwanza, halafu amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kwa matone ya kupimia, kwa sababu samaki anayehema kwa kasi huenda anaunguzwa matamvua na amonia, si kijidudu peke yake. Amonia haikuwepo.

Hapo nikaanza kuiona hela yangu. Dada wa kazi alishaandaa ndoo ya kumtenga mgonjwa. Fundi akakataa: "Ukimtoa huyu, Mama, umetoa mgonjwa, ugonjwa umeuacha kwenye kokoto." Akanieleza kwamba lile doa ni kijidudu kilichokwishajichimbia chini ya ngozi, ambako dawa haikifikii. Kikishiba kinadondoka, kinajiganda chini, kinajifunika na kugawanyika kuwa vitoto mamia. Vitoto hivyo huogelea kutafuta samaki, na visipompata ndani ya siku mbili hivi vinakufa. Ni pale vinapoogelea tu ndipo chumvi au dawa inaviua. Kwa hiyo linalotibiwa ni tangi zima, pamoja na wale wanaoonekana wazima.

Kazi yenyewe ilikuwa ya taratibu. Akanyonya robo ya maji kwa mpira, akiuzamisha ndani ya kokoto ili atoke na vile vilivyojiganda. Sponji ya filta akaisuuza kwenye maji yale yale aliyoyatoa, si bombani, maana klorini ingeua bakteria wazuri wanaomaliza amonia. Akaweka hita ya kupasha maji na kuagiza tuipandishe kidogo kidogo hadi nyuzi 30. Joto linaharakisha mzunguko wa kijidudu, kinatoka mafichoni mapema. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, basi akaongeza jiwe la pili la hewa, lile linalotoa mapovu. Chumvi ya mawe aliipima kwenye mizani: kawaida yake ni gramu moja kwa lita, lakini kwa ajili ya kisima na kwa ajili ya pleko akaweka gramu 150 badala ya 200, akaiyeyusha kwenye jagi na kuimimina kwa awamu. Moli hana shida na chumvi. Pleko na jamaa zake kambare ndio wasioivumilia. Na maji yakipungua kwa mvuke tujazie maji matupu, maana chumvi haipai hewani, inabaki.

Nisichokipenda ni dawa. Alitoa kwenye begi chupa ya maji ya kunywa, haina lebo, ndani kimiminika cha kijani. Nikamuuliza inaitwaje na ina nguvu kiasi gani. "Ni ya madoa, Mama." Nikakataa. Dawa nyingi za kijani za ugonjwa huu ni malakaiti, rangi ya kemikali ya kushika kwa glavu, na kipimo kikizidi kinaua samaki wenyewe. Siwezi kumwagia tangi kitu kisicho na jina. Kwa haki yake, hakubisha, akasema tuendelee na chumvi na joto.

Ufuatiliaji ni kwa WhatsApp. Mchana anajibu vizuri, anataka video na siyo picha, aone samaki anavyohema. Usiku usimtegemee. Umeme ulikatika, pampu ikazima, simu yake ikaita bila kupokelewa, na sisi tukawa tunachota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu ili yapate hewa. Siku hizi nina pampu ya betri. Madoa yalipoisha nilitaka kuzima hita, akanizuia kwa zaidi ya wiki, kwamba vya kwenye kokoto havionekani kwa macho.

Moli mmoja alikufa. Enjeli amepona, pezi la juu limebaki na pengo, na anakula kwa fujo kama zamani. Pleko hakutetereka.

Mwenye gapi wawili kwenye beseni asijisumbue, 40,000 ni nyingi mno kwake. Mwenye tangi la mchanganyiko kama langu, fundi huyu anajua kazi. Nampa nyota nne. Nitamwita tena, ila dawa nitanunua mwenyewe, ikiwa na lebo.